KUOKOA NISHATI NI KAZI YETU, LAKINI MZIGO USIWE WETU PEKE YETU

(Hotuba ya mwanachama, fundi wa karakana ya injini, mbele ya mkutano wa tawi. Tumeipiga chapa kama alivyoisoma.)



Kamati imeniomba niseme juu ya jambo ambalo kila siku twalisikia katika redio, nalo ni jinsi mataifa yanavyojaribu kuokoa nishati na kupigana na mabadiliko ya hali ya hewa. Mimi si mtaalamu. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, basi. Mengine nimejisomea mwenyewe usiku, na mengine nimefundishwa na injini ninazozifungua kila siku. Kwa hivyo nitasema kwa maneno ya karakana.

Nishati ni nguvu inayofanya kazi: nguvu iliyo ndani ya dizeli, ndani ya makaa ya mawe, ndani ya stima, ndani ya jua na upepo. Kuokoa nishati ni kufanya kazi ile ile kwa nguvu kidogo zaidi. Si kuacha kazi, wala si kukaa gizani. Tafadhali shikeni tofauti hiyo, maana wako watu wanaoichanganya kwa makusudi, na anayeumia ni mfanya kazi.

SABABU YA JOTO

Mtu akichoma makaa, mafuta au gesi, hutoka hewa iitwayo kaboni dayoksaidi. Haionekani wala hainuki. Hupanda juu ikaizunguka dunia na kulizuia joto lisitoke, kama blanketi. Kabla ya viwanda vikubwa kuanza, katika kila chembe milioni moja za hewa, kama 280 zilikuwa za kaboni dayoksaidi. Leo zimepita 420. Mwaka 2024 ulikuwa mwaka wa joto kuliko yote tangu watu waanze kupima, na ulizidi joto la zamani, la kabla ya viwanda, kwa zaidi ya nyuzi 1.5.

Labda mtu atasema nyuzi moja na nusu si kitu. Mwulize mzee wa gengi. Reli ikipata joto hurefuka, na ikikosa nafasi ya kurefukia hupinda, nayo reli iliyopinda huangusha treni. Mvua ikija kwa nguvu kupita kiasi hula kokoto chini ya mataruma, na tuta likabaki tupu. Sisi wa reli hatuhitaji mtu wa kutufafanulia jambo hili, kwa kuwa twalitengeneza kwa mikono yetu.

Tena tumeona ukame na mafuriko vikifuatana. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwanzo wa 2023, misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo katika kaskazini ya nchi yetu, Somalia na Ethiopia, na mifugo ikafa kwa mamilioni. Mwaka 2024 mvua kubwa zikaja. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili, karibu na Mai Mahiu, maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli ya zamani, kwa sababu tundu la kupitishia maji chini ya tuta lilizibwa na matope, mawe na miti. Kisha yakapasua na kushuka juu ya watu waliolala. Zaidi ya watu 45 walifariki. Sikutaja jambo hili ili kumshtaki mtu. Nimelitaja ili tukumbuke kwamba mvua za siku hizi si zile tuta lilizojengewa, na kwamba kazi ya kusafisha matundu ya maji, ambayo watu huidharau, ni kazi ya kulinda roho za watu.

MATAIFA YAMEFANYA NINI

Mataifa hayakuanza kuokoa nishati kwa kuipenda dunia. Yalianza kwa kuogopa bei. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zenye mafuta zilikataa kuziuzia Marekani na baadhi ya rafiki zake, na bei ikapanda karibu mara nne kwa miezi michache. Mwaka 1974 Marekani ikaweka sheria kwamba gari lisipite maili 55 kwa saa katika barabara zake kuu. Japani, ambayo karibu mafuta yake yote hutoka nje, ilitunga sheria ya kuokoa nishati mwaka 1979, ikavitaka viwanda vihesabu vinavyotumia. Mwaka 2005 Serikali ya Japani ikawaambia watumishi wa ofisini wavue tai na koti wakati wa joto, na mashine za kupoza hewa zisishuke chini ya nyuzi 28. Hilo ni jambo dogo, lakini lina akili: badala ya kuipoza nyumba nzima ili bwana avae koti, bwana na avue koti.

Baadaye hofu ya joto la dunia ikajiunga na hofu ya bei. Mwaka 1992 mataifa yalikutana Rio de Janeiro, Brazili, yakatia sahihi mapatano ya kwanza makubwa juu ya hali ya hewa. Mwaka 1997 yakakutana Kyoto, Japani, na nchi tajiri zikaahidi kupunguza moshi wao kwa vipimo vilivyoandikwa. Marekani ilitia sahihi lakini haikuyathibitisha mapatano hayo. Mwaka 2015 karibu mataifa yote yakapatana Paris kwamba joto lisizidi nyuzi mbili, na wajitahidi likome kwa 1.5. Marekani ikatoka katika mapatano ya Paris mwaka 2020, ikarudi 2021, na Januari 2025 Rais wake akatia sahihi amri ya kutoka tena. Mwaka 2023 huko Dubai mataifa yalikubali kwamba kabla ya mwaka 2030 kuisha, mitambo ya jua, upepo, maji na kadhalika izidishwe mara tatu, na mwendo wa kuokoa nishati uzidishwe mara mbili.

Basi maneno yapo mengi, na mengine yametimizwa. Lakini kila mwanachama aliyewahi kukaa katika mazungumzo ya mishahara anajua kwamba kutia sahihi ni jambo moja, na kulipa ni jambo jingine.

SISI WAKENYA TUNAHUSIKAJE

Kuna ndugu waliosema katika mkutano uliopita: "Moshi wa Kenya haufiki hata sehemu moja katika mia ya moshi wa dunia. Kwa nini tusumbuliwe?" Ni kweli, haufiki. Tena stima yetu nyingi, kama sehemu tisa katika kumi, haitokani na mafuta. Hutokana na mvuke wa ardhini kule Olkaria, ambako mtambo wa kwanza ulianza mwaka 1981, na maji ya mito, na upepo, kama zile pangaboi 365 karibu na Ziwa Turkana, na jua. Kwa jambo hili nchi nyingi tajiri ziko nyuma yetu.

Kwa hivyo madai yetu ya kwanza ni ya haki: aliyechafua ndiye alipe. Mwaka 2022 huko Sharm el-Sheikh, Misri, mataifa yalikubali kuanzisha mfuko wa kuwasaidia walioharibiwa na hali ya hewa. Tuendelee kudai ujazwe.

Lakini haki hiyo haituondolei kazi yetu. Dizeli yote ya Kenya hununuliwa ng'ambo kwa fedha za kigeni. Bei yake ikipanda, nauli hupanda, unga hupanda, na mshahara hubaki pale pale. Lita moja inayopotea bure karakana imepotea kutoka katika sufuria zetu.

RELI NI DAWA

Hapa mfanya kazi wa reli ana neno la kuwaambia watu wa mikutano mikubwa. Gurudumu la chuma juu ya chuma halishikani sana na njia, kwa hivyo nguvu ndogo husukuma mzigo mkubwa. Tairi la mpira juu ya lami hujibonyeza na kula nguvu kila linapozunguka. Shirika la kimataifa la nishati lilieleza mwaka 2019 kwamba reli hubeba kama sehemu 8 katika mia ya safari za abiria wa dunia na sehemu 7 katika mia ya mizigo, lakini hutumia sehemu 2 tu katika mia ya nishati yote ya uchukuzi. Kila kontena linalotoka barabarani na kuingia juu ya behewa ni mafuta yaliyookolewa.

Mnajua pia jinsi injini zilivyobadilika. Nendeni jumba la makumbusho ya reli hapa Nairobi mkaione ile injini kubwa ya mvuke iitwayo Mount Gelai. Ni moja katika 34 za aina yake zilizojengwa Manchester, Uingereza, katika miaka ya 1950 ili zivute mizigo kutoka Mombasa, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Ni fahari ya kazi ya reli. Lakini injini ya mvuke hutoa kazi ya kama sehemu moja tu katika kumi ya moto inaopewa, pengine hata chini ya hapo. Nyingine hutoka na moshi na mvuke. Injini ya dizeli hutoa kama theluthi moja au zaidi kidogo. Mota ya stima hutoa kama sehemu tisa katika kumi ya stima inayoingia ndani yake.

Ndiyo maana wengine wanakwenda kwenye stima. Njia ya Addis Ababa hadi Djibouti, yapata kilomita 750, ilianza kazi ya kawaida kwa stima mwaka 2018. Jirani zetu Tanzania walianza kubeba abiria kwa treni ya stima kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, hadi Morogoro kwanza, kisha Dodoma. Reli yetu mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ilianza kwa injini za dizeli. Nchi yenye mvuke wa Olkaria ina sababu ya kufikiri juu ya stima, na naamini siku hiyo itafika.

Sasa, ndugu zangu, nauliza swali lililonileta hapa. Siku hiyo ikifika, fundi wa dizeli atakuwa wapi? Mvuke ulipoondoka, injini ilibaki, dereva akabaki, lakini fayamani, yule mchochea moto, kazi yake ilikwisha kabisa. Wazee waliomo humu wanawajua waliopata kazi nyingine, na wanawajua waliorudi nyumbani na kiinua mgongo kisichofika mwaka.

MIFANO YA WENZETU

Kuna njia mbaya ya kuokoa nishati, na kuna njia njema. Nitatoa mifano.

Uingereza, Januari hadi Machi 1974, mafuta yalikuwa ghali na Serikali ilikuwa katika mzozo na wachimba makaa. Ikaamuru viwanda na kazi nyingi zitumie stima siku tatu tu kwa juma. Makaa yaliokolewa, ndiyo. Lakini wafanya kazi wengi walipoteza mshahara wa siku walizokaa nyumbani. Hiyo si kuokoa. Hiyo ni kuuhamisha mzigo kutoka bega hili hadi lile.

Ujerumani ilikuwa na wachimba makaa zaidi ya laki tano katika miaka ya 1950. Makaa yao yakawa ghali kuliko ya kununua ng'ambo, ikajulikana migodi itafungwa. Chama cha wafanya kazi hakikungoja siku ya kufunga. Mwaka 2007 kilipatana na Serikali na wenye migodi: migodi ifungwe polepole hadi 2018, wazee wastaafu mapema kwa malipo, vijana wapelekwe kazi nyingine, asitupwe mtu barabarani. Mgodi wa mwisho wa makaa yale magumu, katika mji wa Bottrop, ulifungwa Desemba 2018. Uhispania nayo, Oktoba 2018, ilipatana na vyama vya wachimba makaa. Ziliwekwa Euro milioni 250 kwa ajili ya wilaya za migodi, na mchimba aliyepita miaka 48 akaruhusiwa kustaafu mapema.

Wazo hili halikutoka kwa mawaziri. Mmoja wa waliolipigania sana ni Tony Mazzocchi wa Marekani, kiongozi katika chama cha wafanya kazi wa mafuta, kemikali na atomiki. Yeye alikuwa askari katika Vita Kuu ya Pili, naye aliona jinsi askari waliorudi walivyolipiwa shule ili waanze maisha mapya. Akasema mfanya kazi ambaye kiwanda chake kinafungwa kwa faida ya watu wote naye anastahili kufanyiwa hivyo. Alifariki mwaka 2002. Mwaka 2015 mapatano ya Paris yenyewe, katika maneno yake ya kwanza, yalitaja kwamba mabadiliko haya yawe ya haki kwa wafanya kazi na yalete kazi za heshima. Maneno hayo yameandikwa na kutiwa sahihi, na Kenya imo. Tuyatumie.

NJIA MBAYA IKO HATA KARIBU

Msidhani hayo ni ya Ulaya tu. Katika yadi moja niliyofanyia kazi zamani, ambayo sitaitaja wala mkubwa wake, ilibandikwa notisi kwamba kwa sababu ya kuokoa stima taa za yadi zizimwe kuanzia saa nne za usiku. Haikupita mwezi, mwenzetu aliyekuwa akiunga mabehewa gizani akapondwa vidole viwili. Ripoti ikasema hakuwa mwangalifu. Usiku huo huo mashine ya kupoza hewa ya ofisi ilinguruma hadi asubuhi, na ofisini hamkuwa na mtu.

Dawa ya kweli ilikuwa rahisi. Taa za siku hizi za LED hutumia kama sehemu moja katika tano ya stima ya zile balbu za zamani za waya, pengine chini ya hapo, na mwanga ni ule ule. Hiyo ndiyo tofauti niliyowaomba mshike: kazi ile ile kwa nguvu kidogo zaidi. Kuzima taa juu ya mtu anayefanya kazi si kuokoa kitu, ni kuokota vidole vya watu.

YANAYOTUPASA

Chama kisichowaambia wanachama wake ukweli hakina nguvu mbele ya mwajiri. Kwa hivyo naanza na yetu sisi.

Injini isiachwe ikinguruma saa nzima pasipo sababu. Hewa ya breki inayovuja iandikwe kitabuni, kwa maana kompresa inayofanya kazi bila kupumzika hula mafuta. Dereva anayeijua njia yake huacha treni iteleze kwa uzito wake kabla ya kituo badala ya kuivuta hadi mwisho kisha kuibana breki. Hayo ni maarifa, na maarifa ni mali yetu. Tena, ndugu zangu, dizeli inayotoka kwa mtungi usiku ikauzwa nje ya ua ni aibu yetu wote. Mtu wa namna hiyo humpa mwajiri fimbo ya kutupigia sote.

Tukishafanya hayo, tuna haki ya kudai haya matano, nami naomba kamati iyatie katika mapatano yajayo:

1. Mpango wowote wa injini mpya au wa stima uletwe mezani mbele ya wajumbe wetu kabla ya mkataba wa kununua kutiwa sahihi, si baada yake.

2. Mafundi na madereva wa dizeli wafundishwe kazi ya stima wakiwa kazini, kwa mshahara wao kamili. Wasiletwe watu wapya na sisi tukaambiwa hatuna cheti.

3. Mafuta yakiokolewa, yahesabiwe mbele yetu, na sehemu ya faida irudi kwa waliookoa. Tena dereva asikatwe fedha kwa mafuta yaliyopotea kwa sababu ya injini isiyopata vipuri.

4. Taa za yadi zisizimwe mahali penye watu kazini. Zibadilishwe.

5. Watu wa gengi wasipunguzwe. Waongezwe, wapate maji ya kunywa na kivuli wakati wa jua kali, na kila tundu la maji chini ya tuta likaguliwe kabla ya mvua za Machi na za Oktoba.

Hilo la tano wengine watasema ni la gharama. Tuwajibu kwamba gharama ya kutolifanya tumekwisha kuiona.

Bwana Mwenyekiti, dunia itabadilika tupende tusipende. Wachimba makaa wa Bottrop hawakuushinda wakati, lakini walikaa mezani mapema, miaka kumi na moja kabla ya lango kufungwa, na hakuna aliyetupwa. Sisi bado tuna nafasi, maana injini za stima hazijafika karakana yetu. Zikifika kabla hatujasema neno, tutakuwa tumechelewa.

Naomba kila idara, yaani madereva, magadi, mafundi, watu wa yadi na watu wa gengi, waandike kwa karatasi mambo mawili: mahali wanapoona nishati inapotea, na mafunzo wanayoyataka. Karatasi zifike kwa Katibu wa tawi kabla ya mkutano ujao. Asiyejua kuandika amwambie mwenzake amwandikie. Tukifika mezani tufike na hesabu zetu mkononi.

Umoja ni nguvu.